Timu Kamili ya Radi

KUHUSU: Ombi la kufunga kipande cha barabara kwa muda wa dakika kumi na tano (15), kwa ajili ya maonyesho ya gari moja (1) la urithi wa kimichezo, likiambatana na timu yake kamili ya zamani.

Neno "kamili" Ghislaine aliliweka kwa sababu lilisikika vizuri. Alikuwa na miaka tisa ya kazi katika shirika moja la Bukavu, na watu wa kazi hiyo hutia "kamili" katika barua kama wengine wanavyotia chumvi katika maharage.

Gari lenyewe liliitwa Radi. Mwaka 1981 lilikimbia mbio za mstari mnyoofu kwenye barabara ya Kavumu, ukishapita kijiji cha Miti: magari mawili yanasimama sambamba, bendera inashuka, na atakayemaliza mita mia nne wa kwanza ndiye mshindi. Lilikuwa gari dogo la manjano, limepachikwa mashine ya lori. Timu ilikuwa ya watu watatu. Barthélemy alikuwa fundi. Séraphine, mpiga chapa wa ofisi, alishika saa ya kupimia mbio. Cirhuza, mjomba wa Ghislaine, aliendesha. Katika mbio za mwisho Radi liliwaka moto likiwa limeshasimama, na Cirhuza akafia ndani. Walimzika huko Nyangezi.

Baada ya miaka arobaini na miwili, Ghislaine alitaka Radi lirudi. Fundi Barthélemy, mwenye umri wa miaka sabini na miwili sasa, aliliunda upya katika gereji iliyo nyuma ya nyumba ya Ghislaine, mtaani Muhumba, akitumia vipimo alivyokuwa navyo kichwani. Dereva angekuwa Parfait, mdogo wake Ghislaine, ndugu pekee aliyebakiwa naye.

Barua ilikwama kwenye meza ya karani mmoja wa serikali aitwaye Glody.

"Maman Ghislaine, umeandika équipe complète. Batu batatu. Miye naona signature mbili."

"Wa tatu alikufaka."

"Bon. Leta acte de décès, cheti ya kifo."

"Ni mwaka wa 1981, Glody. Hakuna mutu aliandikisha."

"Basi mu dossier yangu iko muzima."

"Iko chini ya udongo miaka arobaini na mbili."

"Anaweza kuwa chini ya udongo," akasema Glody bila ubaya wowote, akigusa faili. "Mu dossier, hapana."

Ghislaine akafanya jambo ambalo kila mtu aliyewahi kukaa katika semina za Bukavu amelifanya. Mwenzako amekwama njiani, karatasi ya mahudhurio inapita, unamsainia. Hakuna anayeliungama kanisani. Akaichukua ile karatasi, akaandika CIRHUZA, kazi: dereva, hali: présent, yaani yupo, akasaini kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wake. Glody akapiga muhuri, tena kwa furaha.

Alasiri ile ile, Parfait alimwita dada yake gereji.

"Yaya, nani ametoa kitasa?"

Gari la zamani halikuwa na kitasa cha mlango kwa ndani. Barthélemy alikiondoa wakati ule ili kupunguza uzito, na mlango wa pili ulichomelewa kabisa, kwa hiyo dereva alingoja mwishoni mwa mstari mpaka fundi aje kumfungulia kwa nje. Katika gari jipya Ghislaine aliamuru kitasa kiwekwe, na kilikuwa kimewekwa. Sasa kilikuwa juu ya kiti cha dereva, na skrubu zake nne zimepangwa kando yake, moja baada ya nyingine, kama vijiko mezani.

Barthélemy akakirudisha. Kesho yake kilikuwa kitini tena, na Parfait alipokishika akakiachia haraka. Kilikuwa cha moto. Gereji nzima ilinuka nywele zilizoungua, na mashine ilikuwa haijawashwa hata mara moja.

Ghislaine akarudi kwa Glody, akaomba jina lifutwe. Glody alifungua faili, akatafakari.

"Kutoa mutu mu liste, inaomba yeye mwenyewe aandike lettre de démission, barua ya kujitoa. Anaweza kufika hapa?"

"Ninaogopa ameshafika," akasema Ghislaine.

Siku ya tatu Séraphine alikuja kuliona gari. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye saa yake ya zamani ndani ya mkoba. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Walikuwa wanne wamesimama mbele ya Radi, yeye na Barthélemy na Ghislaine na Parfait, wakati gari liliposhuka kidogo upande wa kushoto, taratibu, jinsi gari linavyoshuka mtu mzito anapoketi.

Hakuna aliyekuwa ameketi.

Halafu kioo kikagongwa. Kwa ndani. Mara tatu, bila haraka, kama mtu mwenye adabu.

"Barthélemy," Séraphine akanong'ona, "siku ile ulikimbia kumfungulia?"

"Nilikimbia, maman. Unajua."

Kioo kikagongwa tena, kwa nguvu zaidi, na mvuke ukaanza kukifunika kutoka ndani, kama pumzi.

Mzee akaketi juu ya tairi.

"Sikukimbia," akasema. "Minaambiaka batu kama nilikimbia. Moto ilikuwa inatokea chini, alikuwa anagonga kioo, ananiangalia. Mlango ilikuwa kazi yangu. Nilisimama tu."

"Najua," akasema Séraphine. "Chrono ilikuwa mu mukono yangu, nilisahau kuisimamisha. Aligonga dakika mbili na seconde kumi na moja."

Ndani ya gari kugonga kulikoma, kama vile aliyemo alitaka kusikia vizuri.

Ghislaine akamshika Parfait mkono. "Hauendeshi gari hii," akamwambia. "Nilisaini juu yako kila karatasi tangu maman alikufa. Sitasaini ya mazishi."

Walimleta pasta Bruno, aliyekuwa na sifa ya kufukuza majini na mizimu katika nyumba za Muhumba, na ambaye hufika na chupa ya mafuta na waimbaji sita. Waliimba kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Pasta aliingia ndani ya gari peke yake, akapaka mafuta usukani, kiti na kioo. Alitoka amelowa jasho, akatangaza kuwa kazi imekwisha. Ghislaine aliona kwamba waimbaji wake walikuwa wameshatangulia kwenye geti.

Lakini harufu ilikoma. Kitasa kilibaki mahali pake siku tisa. Parfait, ambaye tangu mwanzo alisema kuwa ni mabati yanayolia kwa mvua, alimbembeleza dada yake siku zote tisa, na siku ya kumi Ghislaine akakubali.

Jumamosi, saa nne asubuhi, barabara ilifungwa. Watu wa Miti walijipanga pande zote mbili. Ghislaine na Séraphine walisimama mwishoni mwa mstari, na Barthélemy mbele yao, mahali pake pa zamani. Jua lilikuwa kali. Kule mbali bendera ikashuka, na Radi likaja, sauti yake ikitangulia kupitia miguuni, watu wakashangilia, Parfait akiwa amecheka meno yote nje nyuma ya kioo, likapita mstari, likapunguza mwendo, likasimama vizuri hatua thelathini mbele yao, na Ghislaine alikuwa ameanza kupumua alipoisikia harufu kabla hajauona moshi, nywele, nywele zilizoungua, kisha uzi mwembamba wa moshi chini ya mlango, kisha moto, na Parfait akapeleka mkono kwenye kitasa na mkono ukarudi mtupu, akapeleka tena, akatazama chini akitafuta, na nyuma ya bega lake, pale ambapo gari halikuwa na kiti cha pili wala nafasi ya mtu, kulikuwa na mtu, mweusi kwa kuungua, ametulia, hamtazami Parfait hata kidogo, anamtazama Barthélemy.

Parfait akaanza kugonga kioo.

Ghislaine alikimbia, akaanguka, akainuka. Mzee alikuwa amesimama. Séraphine akamwita kwa jina, bila kupaza sauti. Ndipo Barthélemy akakimbia, kwa magoti yake mabovu, akampita Ghislaine, akaushika mlango kwa mikono mitupu.

Ripoti ina kurasa tatu na mihuri minne. Inasema kwamba fundi, kwa sababu ya uzee, alijikwaa na kuangukia ndani ya gari lililokuwa likiungua, na inapendekeza kikomo cha umri kwa shughuli za urithi wa kimichezo.

Barthélemy hakujikwaa. Alifungua mlango, akamtoa Parfait akiwa hai, kisha mikono miwili ikatoka ndani ya gari, ikamshika kola ya shati, ikamwingiza, na mlango ukafungwa.