Mti wa Ghorofa ya Tisa

Mti ulinuka kidonda. Si maua, si udongo, kidonda hasa, tena mchana kweupe, sebuleni, ghorofa ya tisa.

Lakini msanifu majengo hakuwa mtu wa kuambiwa. Alikuwa amejenga jumba la kuufungisha msitu ndoa na mji, kama alivyopenda kujigamba. Kuta zilivikwa majani, ngazi zikafunikwa na mimea itambaayo, na katikati ya nyumba yake mwenyewe akasimamisha mti mzima uliong'olewa porini. Boksi la zege la kuupandia lilipoonekana dogo, akaamuru mzizi mkuu ukatwe. Jamani! Unamleta mgeni kwako, kisha unamkata mguu ili aenee kitandani?

"Mume wangu, mtoto anaongea na huo mti," mkewe alinong'ona. "Na unamjibu."

"Ni upepo."

"Upepo gani, na madirisha yamefungwa?"

Mke akamwita mganga. Mzee yule aligusa gome, akaurudisha mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Mmemleta na nyumba yake," alisema kwa sauti ya chini. "Rudisheni mti ulikotoka, na udongo wake wote. Leo hii."

"Kesho nina wageni wa uzinduzi!" msanifu alifoka. "Kama tatizo ni mti, basi mti hautakuwepo."

Akachukua msumeno wa mashine. Meno yalipozama kwenye gome, sauti ikaanzia chini kabisa, ikapanda ghorofa kwa ghorofa, ikipasua vioo na kutikisa milango, sauti ya kiumbe kilichovumilia mengi na sasa kimechoka, huku mganga akipiga kelele, "Acha, mwanangu, acha!" na mke akimkumbatia binti yao wa pekee kwa nguvu zote, mpaka mti ukaanguka na kila kitu kikanyamaza.

"Mmeona?" msanifu alisema akihema. "Kwisha kazi."

Harufu ilikuwa imehama. Mke aliisikia kwenye nywele za mtoto.

Binti akainua uso. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na kavu, haikuwa ya mtoto wa miaka minne.

"Umenivunjia nyumba," ilimwambia msanifu. "Nimehamia hapa."

Mganga alifunga mkoba wake. Mke hakulia. Alimtazama mumewe kwa hasira ambayo haikuwahi kumpata tangu azaliwe.

"Wageni wako wakija kesho," alisema, "waoneshe na huyu."