Kopo la Kahawa ya Mama

Kila siku jua lilipoelekea kuzama, Yusta alikuwa na kazi zake zisizobadilika. Aliwasha jiko la mkaa uani, akabandika maharage, akaanua nguo kambani, kisha akamwita mdogo wake Martini aje kunawa miguu. Nyumba yao ilikuwa Bangwe, mteremkoni, na kutoka uani waliiona mitumbwi ya dagaa ikijipanga kuingia ziwani. Saa hiyohiyo, maharage yakianza kuchemka, ndipo kandambili ziliposikika barazani.

Chap, chap, kisha mburuto kidogo. Chap, chap, mburuto. Zilifika mpaka mlangoni, zikakoma.

Hazikuwa za mtu wa nyumba ile. Bibi Devota alivaa viatu vya matairi, na Martini alitembea peku tangu atoke shule. Aliyekuwa akitembea hivyo ni mama yao, Agnesi, mpishi katika nyumba ya wageni kule ufukweni. Kandambili yake ya kushoto ilikatika kamba, akaifunga kwa waya, ikawa inaburuta. Na Agnesi alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa figo, mwaka sasa ulikuwa karibu kutimia.

"Mama amepita," Martini alikuwa akisema, kwa sauti ileile ya kusema kuku wameingia bandani.

"Ni upepo," Yusta alimjibu. "Nawa, maji yanapoa." Lakini vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama.

Hakumwambia Bibi. Bibi alikuwa amemzika mwanawe, na Yusta aliona huo ni mzigo wa kutosha kwa mtu mmoja.

Juu ya rafu ya jikoni palikuwa na kopo la bati lenye mfuniko mwekundu. Ndani yake ilikuwamo kahawa ya mwisho ambayo Agnesi aliikaanga na kuitwanga kwa mikono yake kabla hajalazwa. Tangu siku ile hakuna aliyelifungua. Bibi alilifuta vumbi kila Jumamosi na kulirudisha palepale.

Misa ya kumbukumbu ilipokaribia, Bibi alikuwa uani akichambua mchele. Yusta akachuchumaa kando yake.

"Bibi, naomba siku hiyo nitengeneze tiramisu."

"Ile ya tabaka tabaka?"

"Ile ya mama. Ya machungwa."

Agnesi alifundishwa chakula hicho na mgeni mmoja Mwitaliano. Ni biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, zikapangwa kwa tabaka, na kila tabaka likafunikwa kwa maziwa mazito na mayai yaliyopigwa na sukari. Machungwa aliyaongeza Agnesi mwenyewe, akisema kahawa bila chungwa inanuna.

"Utaiweza?" Bibi aliuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa namshikia bakuli."

Bibi alitupa kijiwe kimoja, akatafuta kingine. "Basi utaitaka kahawa yake," alisema. "Ichukue. Lakini unakumbuka desturi ya nyumba hii. Aliyeandaa ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni."

Jumamosi asubuhi Yusta alilifungua kopo. Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani. Iligusa ukuta, ikagusa pazia, na kwa kitambo kidogo jikoni palikuwa na watu wawili. Yusta hakugeuka nyuma. Alichemsha kahawa yote, kwa kuwa ilitosha bakuli moja tu.

Alifanya kila kitu kama mama. Mtindi alikuwa ameuchuja kwenye kitambaa tangu jana yake mpaka ukawa mzito. Mayai aliyapiga juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mvuke ukiyapasha moto vizuri. Alikwaruza maganda ya machungwa sehemu ya juu tu, kwa sababu ile nyeupe ya ndani ni chungu. Martini alilamba kijiko na kutaka kingine.

Wao hawakuwa na friji. Jirani yao, Mama Yunisi, aliyeuza barafu za juisi, alimwachia Yusta ufunguo wa chumba chake kabla ya kwenda Simbo kwa dada yake. Barafu zote alikuwa amekwisha kuziuza, na friji lilikuwa tupu. Alikuwa hata amelifuta kwa maji ya limau ili bakuli la Agnesi lisishike harufu ya kitu kingine.

"Liweke rafu ya juu," alisema. "Ila soketi ni moja. Usichomoe friji langu kwa ajili ya kitu chochote, umesikia?"

"Nimesikia, Mama Yunisi."

Yusta aliliweka bakuli, akasimama kidogo akisikiliza. Friji lilinguruma kwa sauti ya chini, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo. Mama alikuwa akiimba hivyo akipiga mayai.

Alasiri alirudi na gauni lake la misa na shati la Martini. Pasi ya mkaa ya Bibi ilikuwa inadondosha majivu, na juu ya meza ya Mama Yunisi palikuwa na pasi ya umeme. Yusta alijiambia ni dakika chache tu. Alichomoa friji, akanyoosha gauni, akanyoosha shati. Martini akaita kutoka nje kwamba mbuzi ameingia bustanini. Yusta akachomoa pasi, akakusanya nguo, akakimbia na kufunga mlango.

Alfajiri ya Jumapili alipofungua mlango ule, alisikia kimya. Hapakuwa na mngurumo. Waya wa friji ulikuwa umelala sakafuni palepale alipouacha. Alilitoa bakuli, na kioo kilikuwa vuguvugu kama shavu la mtoto. Maji ya rangi ya kahawa yalikuwa yamejitenga pembeni.

Alijua maana yake. Mama alikuwa akimwambia mara nyingi kwamba mayai na maziwa yakikaa joto usiku kucha si chakula tena. Lakini macho yake yaliona kahawa. Kahawa yote ya mama ilikuwa humo.

Alichomeka friji. Akachukua kitambaa, akayakausha maji taratibu, akalainisha juu kwa kijiko na kunyunyiza maganda mapya ya chungwa. Ilipendeza, akalirudisha bakuli kwenye friji.

"Imeganda vizuri?" Bibi alimuuliza wakitoka kwenda kanisani.

"Ndiyo, Bibi."

Misa nzima Yusta alisikia kandambili. Padri alipotaja jina la Agnesi, zilipita kwenye njia ya katikati, chap, chap, mburuto, zikakoma nyuma ya benchi lake. Hakuthubutu kutazama.

Baada ya wali na samaki aina ya mgebuka waliokaangwa, wageni walikaa barazani. Mama Yunisi alikuwa amefika kutoka Simbo moja kwa moja, vumbi bado miguuni. Alikuwapo pia Mzee Leonardi, mpishi mkuu aliyefanya kazi na Agnesi. Huyu, tangu mazishi, kila mwezi alikuwa akiacha kilo ya sukari mlangoni kwao na kuondoka bila kubisha hodi, akidhani hajulikani.

Yusta alilileta bakuli. Lilikuwa limepoa tena, linatoa jasho la baridi.

"Angalia mtoto wa Agnesi," Mama Yunisi alisema. "Mzee Leonardi, kazi yako iko hatarini."

"Nilishamwambia mama yake hivyohivyo," mzee alijibu. "Akanipa masufuria nioshe."

Watu wakacheka. Bibi Devota akampa Yusta kijiko cha mama chenye mpini ulioungua. "Haya, mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani mwanangu. Alimwita hivyo alipojisikia upole. "Onja, wageni waone."

Yusta alichota. Alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hili kanisani. Angeonja kidogo, angemeza, na kama ni kuumwa angeumwa yeye. Lakini aliponyanyua macho aliona sahani zikimsubiri. Mama Yunisi alikuwa ametanguliza yake mbele. Martini alikuwa na sahani mbili.

"Hii ya pili ni ya mama," Martini alimweleza. "Ukionja tu, mimi na yeye tunafuata."

Harufu ya chungwa ilipanda. Chini yake palikuwa na harufu nyingine, nyembamba, chachu. Na mgongoni kwake, mlangoni, kitu kiliburuta kidogo, kikatulia. Kijiko kilikuwa kizito.

"Isiliwe," Yusta alisema.

"Umesemaje?"

"Isiliwe, Bibi. Nilichomoa friji ninyooshe nguo. Nikasahau. Imelala kwenye joto usiku kucha, na asubuhi nilikudanganya." Alikiweka kijiko chini, na hapo machozi yakamshinda. "Kahawa ya mama iko yote humu. Kopo ni tupu."

Kisha Mama Yunisi aliirudisha sahani yake mezani polepole, akamvuta Yusta, akamkalisha kwenye mkeka karibu yake. Hakuutaja waya wa friji.

Mzee Leonardi alinusa bakuli, akatikisa kichwa. "Imekufa hii," alisema. "Mama yako aliwahi kumwaga bakuli kubwa kuliko hili, wageni wakiwa tayari mezani. Aliwapa ndizi. Alilia jikoni kama unavyolia, kisha akaosha uso."

Bibi alichukua jembe. Nyuma ya jiko palikuwa na mchungwa mdogo ambao Agnesi aliupanda kutokana na mbegu. Alichimba shimo kando yake, Yusta akamwaga tabaka zote, na Martini akasukumia udongo kwa miguu. Wageni walisimama kimya, kama walivyosimama makaburini mwaka uliopita. Kisha wakarudi barazani, wakala biskuti zilizobaki kwa machungwa na chai ya tangawizi, na hakuna aliyenung'unika.

Jumamosi iliyofuata Mzee Leonardi alibisha hodi kwa mara ya kwanza. Alileta kahawa mbichi kutoka kwao Kalinzi, ndani ya mfuko wa kitambaa. "Kaanga mwenyewe," alimwambia Yusta. "Mimi nitakaa hapa nikuone ukiunguza."

Aliunguza kidogo. Alitwanga, akachuja, akachovya biskuti, akapiga mayai juu ya mvuke. Bakuli likakaa kwa Mama Yunisi mpaka jioni, na karatasi ilibandikwa kwenye soketi: MKONO WAKO MBALI. Jioni Yusta alionja mbele ya wote, kijiko kikajaa, akameza, akakirudia bila kuambiwa. Kahawa iliyobaki akaitia kwenye kopo lenye mfuniko mwekundu.

Mzee alipoaga, Bibi alimweka Yusta karibu naye sebuleni.

"Kusahau waya ni kosa, nawe ulikatazwa," alisema. "Lakini uliponiambia imeganda vizuri, hapo ndipo ulipoweka roho za watu kwenye bakuli lile. Mtu akikuachia chakula chake mikononi, amekuachia afya yake. Kikiharibika, sema mapema, hata kama ndicho kitu unachokipenda kuliko vyote. Mama yako hayumo ndani ya kahawa, mwana wanje. Alikuwa mkononi mwako ulipokiweka kijiko chini."

Uani maharage yalianza kuchemka. Chap, chap, mburuto. Chap, chap, mburuto. Zikafika mlangoni, zikakoma.

"Mama amepita," alisema Martini.

"Nimemsikia," alisema Bibi.

Yusta alimgeukia. "Nawe unasikia?"

"Tangu mwanzo. Nikadhani ni mimi peke yangu, nikanyamaza nisiwatie hofu."

Walitazamana, wote wawili waliokuwa wamefichana jambo moja kwa mwaka mzima. Kisha Yusta aliinuka, akaenda mlangoni, akaufungua mlango wazi kabisa mpaka ukagusa ukuta. Nje palikuwa na baraza tupu, na harufu ya kahawa aliyoikaanga yeye.

"Ameingia?" Martini aliuliza.

"Sijui," Yusta alisema. "Mwekee sahani."