Chupa Zilizopoa

Kila asubuhi Mwanaasha alishuka mtoni kuteka maji, kisha akarudi nyumbani kwao Kinole kumsaidia mama yake kutwanga. Asubuhi moja alirudi akakuta kinu kimesimama peke yake uani. Mama yake, Pili, alikuwa amejilaza mkekani, miguu imevimba hata vifundo havionekani.

"Mama, unaumwa?"

"Kichwa, mwanangu. Na macho yanaona ukungu. Usimwambie baba yako, ana kazi ya kuvuna."

Mwanaasha alikuwa na miaka kumi na miwili. Alijua kwamba mama yake ana mimba ya miezi saba, na kwamba mimba mbili za kabla ya hiyo ziliharibika. Akatua mtungi, akakimbia shambani.

Baba yake, Mikidadi, aliposikia habari aliacha kazi pale pale. Siku zile za utawala wa Wajerumani, mgonjwa wa milimani alibebwa na watu. Majirani wakafunga blanketi kwenye mti mrefu, wakamlaza Pili ndani yake, wakambeba kwa zamu mpaka hospitali ya misheni, Morogoro mjini, Mikidadi na Mwanaasha wakifuatana nao.

Sista Kristina, muuguzi Mjerumani aliyesema Kiswahili taratibu, alimpima mgonjwa akakunja uso. "Mimba hii ni ya hatari," alisema. "Mmefanya vema kumleta leo."

Kesho yake mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Alikuwa wa kike, mdogo kama kinda la njiwa, na kilio chake hakikufika mlangoni. Sista alimlaza katika sanduku lililotandikwa sufi, akamzungushia chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa. Kunyonya hakuweza, kwa hiyo alinyweshwa maziwa ya mama yake kwa kijiko, tone kwa tone.

Pili alikuwa bado hoi kitandani, na Mikidadi alilazimika kurudi shambani. Sista akamwita Mwanaasha.

"Chupa hizi ni kazi yako. Zikianza kupoa, badilisha maji. Mtoto huyu hana nyama wala mafuta ya kumtia joto. Baridi inaweza kumuua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

Siku za mwanzo alifanya kazi yake vizuri. Kisha mchana mmoja honi ya gari la moshi ikalia kutoka stesheni. Hidaya, binti wa mpishi wa hospitali, alichungulia dirishani.

"Hujaliona bado? Twende, tutarudi sasa hivi!"

Mwanaasha aligusa chupa. Zilikuwa na joto. Mama alikuwa amelala. Akatoka.

Gari la moshi lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alitazama magurudumu, alitazama wapagazi wakipakia mizigo, akasahau kurudi mpaka gari lilipoondoka.

Waliporudi, chupa zilikuwa baridi. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu, naye alikuwa kimya.

"Tia maji ya moto upesi," Hidaya alinong'ona. "Sema amebadilika ghafla. Nani atajua?"

Mwanaasha alimwogopa Sista, lakini alimtazama mdogo wake, akakimbia.

"Sista! Nilikwenda kutazama gari la moshi. Chupa zimepoa, na mtoto halii!"

Sista hakumgombeza. Alimnyanyua mtoto, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika khanga na blanketi. Pili aliamka, akamkumbatia mwanawe bila kuuliza. Walingoja. Polepole midomo ile ikarudi rangi yake, kisha kikasikika kilio chembamba. Mwanaasha alikaa sakafuni akalia naye.

"Ungenificha," Sista alimwambia baadaye, "ningedhani ni homa. Ningehangaika na dawa huku baridi ikimmaliza."

Mtoto alipopata nguvu ya kunyonya mwenyewe na mashavu yakajaa, Mikidadi alikuja kuwachukua. Walimwita Mwanaheri. Kabla hawajaondoka, Mwanaasha alimweleza baba yake yote.

"Ulikosa," Mikidadi alisema. "Anayelinda uhai wa mtu haachi zamu yake. Ukichoka, au ukitamani kutoka, sema mtu akupokee. Na ukikosa, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya. Hilo ulilifanya, na ndiyo maana leo tunarudi na mtoto."

Wakaanza kupanda mlima. Upepo ulivuma kutoka kushoto, na Mwanaasha alitembea upande huohuo wa mama yake aliyembeba mtoto, akiuzuia kwa mwili wake.