Futi ya Mama Pacha

Mama Pacha alitandika shuka safi kwenye kitanda cha gari. Lilikuwa gari-nyumba: mbele usukani, nyuma kitanda, jiko na sinki. Yeye na mumewe walizunguka nalo minadani, wakiuza nguo alizoshona. Leo walikuwa wanakwenda kumchukua mama yake hospitali. Bibi alikuwa amepasuliwa nyonga, na daktari alisema lazima asafiri akiwa amelala.

"Simu imetupa njia ya mkato," alisema mumewe.

"Una uhakika?"

"Tangu lini simu ikanipoteza?"

Kweli, haikuwahi kumpoteza. Lakini siku zote hizo aliitumia akiendesha gari dogo; njia za minadani alizijua kwa kichwa.

Njia ilizidi kuwa nyembamba. Mbele yao likatokea daraja la reli, na kibao chake: mita tatu.

"Soma kibao, baba!"

"Kitabu cha gari kinasema mita mbili na sentimita themanini. Tunapita."

Krrr! Gari likakwama. Maji yakamwagika kwenye kioo cha mbele kama mvua. Lilikuwa tangi la maji, ambalo mumewe mwenyewe alilifunga juu ya gari mwezi uliopita. Nyuma yao honi zikapigwa. Mama Pacha alimfikiria mama yake akiwasubiri.

Dereva mmoja wa lori, mwanamama mwenye sauti nzito, alishuka na kuyazuia magari. Akawaelekeza kurudi nyuma, taratibu, mpaka penye nafasi.

"Poleni," alisema. "Simu yenu inadhani mko kwenye gari dogo. Haijui urefu wenu wala uzito wenu. Na kibao kikipingana na simu, fuata kibao."

"Lakini kitabu cha gari..." mume alianza.

"Kitabu kiliandikwa kabla ya tangi," Mama Pacha alimkatiza. "Mteja akinenepa, mimi nampima upya. Simpimi kwa vipimo vya mwaka jana!"

Mumewe alikuna kichwa.

Mama Pacha alichomoa futi yake ya kushonea. Ilikuwa fupi, kwa hiyo alipima kwa vipande, akitia alama za chaki ubavuni mwa gari. Alipanda ngazi ya gari akamalizia kileleni mwa tangi. Mita tatu na sentimita ishirini! Aliandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika mbele ya usukani.

"Sasa dada, tuambie njia ya magari makubwa. Mama yangu atalala nyumbani leo."

Dereva wa lori aliwaelekeza barabara ya kuzunguka. Ilikuwa ndefu, lakini pana na haina daraja la chini.

Walimkuta Bibi tayari. Walimlaza, wakamfunga mkanda, wakaanza safari ya kurudi. Karibu na njia ya mkato, simu ikasema, "Geuka kushoto."

Mume alimtazama mkewe.

"Nyoosha," alisema Mama Pacha.

"Sawa, bosi."

Simu ililalamika weee, mwisho ikatafuta njia nyingine. Jua lilikuwa bado juu walipoingia uani. Mama Pacha alifungua mlango wa nyuma na kumgusa begani mama yake aliyekuwa usingizini.

Bibi alifumbua macho. "Mwanangu, tunaondoka saa ngapi hapa hospitali?"