Aliyeahidiwa Kumpakata Rahila

Rahila aliamka usingizi wa mchana akiwa na masizi puani. Muhsina, mama yake, akamfuta kwa ncha ya kanga, kisha akainusa ile kanga. Ilikuwa harufu ya moshi wa treni. Mwaka ule wa 1969 pale Ghubra watu walipikia kuni na makuti ya mitende, na Oman nzima haikuwa na reli hata ya kuchezea watoto. Muhsina akaenda jikoni akaosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Siku ya pili, wakati watu wamelala kukimbia jua, maji yakaanza kutetemeka ndani ya gudulia. Chini ya sakafu kukapita mtukutiko, tuku-tuku, tuku-tuku, ukaenda mpaka ukapotelea upande wa baharini. Rahila alikuwa amekaa juu ya mkeka, miaka mitatu tu, akiyumba mabega kwa kuufuata.

"Mama," akasema, "bibi anauliza tunapanda lini."

"Bibi gani?"

"Yule uliyemwahidi."

Thabit aliporudi kazini alimkuta mkewe kamshika mtoto kwa mikono miwili, hataki kumweka chini. Ndipo Muhsina akamkumbusha ile safari yao ya treni kwenda Voi.

Thabit alipenda raha, lakini aliipenda zaidi ikiwa rahisi. Walikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto, mapinduzi ya Unguja yamewatupa Mombasa, na yeye akasikia kuna tiketi za bei nafuu, kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Akampeleka mkewe ili apunguze huzuni. Walikula katlesi na mikate ya mofa kutoka kikapuni, wakacheka kama maharusi. Wakati wa kurudi Thabit alisinzia, na bibi mmoja wa buibui, aliyekaa benchi la mbele yao, akamwuliza Muhsina kama ana mtoto.

"Sina, bibi."

"Ukimpata, utanletea nimpakate?"

"Wallahi n'takuletea. Humu humu ndani ya treni."

Ni maneno ya adabu hayo. Mwanamke wa Unguja humwahidi hivyo hata muuza ndizi, na muuza ndizi hamngojei. Mwaka haukwisha, Rahila akazaliwa, na baadaye jamaa zao wa Maskati wakawaita, wakapanda meli.

Thabit alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Muhsina, benchi la mbele yetu halikuwa na mtu. N'liweka kikapu pale, na n'lipoamka tunafika Mombasa kilikuwa pale pale."

Wakamwita Maalim Sleyum kutoka Ansab, mtu aliyezoea kutoa majini ya watu na kula ubwabwa wao bila haya. Akafukiza ubani, akasoma, akampulizia mtoto maji usoni. Rahila akafumbua macho, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mtu mzima, tena ya mtu mstaarabu.

"Mimi sina ugomvi na mtu. N'mengoja. N'nataka nilichoahidiwa."

"Tutakupa mbuzi," Maalim akasema.

"Sikuahidiwa mbuzi."

Maalim akafunga kitabu chake. "Binti yangu, ungeweka nadhiri kwa Mungu ukashindwa, ingekuwapo kafara. Ungelisha masikini, au ungefunga, yakaisha. Hii umemwahidi yeye, si Mungu. Ahadi ni deni. Mpelekeni mtoto kwenye treni hiyo."

Ilikuwa rahisi kusema. Thabit akaenda serikalini kuomba ruhusa ya kusafiri, akaambiwa angoje. Akaenda tena, akaambiwa angoje, na ajue kwamba akitoka bila ruhusa asitarajie kuingia tena. Na huku nyumbani Rahila kila akiamka mchana alikuwa mwepesi kuliko jana, masizi yamemjaa mpaka ndani ya kucha. Muhsina alilia waziwazi. Aliulaani ulimi wake, lakini ulimi hauna mfupa, na maneno yalikwisha kutoka.

"Basi aje yeye," Maalim akasema mwishowe. "Ahadi ni kumpakata. Ampakate hapa hapa, yaishe."

"Atamrudisha?" Muhsina akauliza.

"Hilo silijui, binti yangu. Sikufichi."

Ikawa Ijumaa baada ya sala. Wakaweka benchi katikati ya ukumbi, na Muhsina akaambiwa amtoe mtoto kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kinywa kilichoahidi ni chake. Mtukutiko ukaja kutoka mbali, ukaingia chini ya nyumba, gudulia likaanguka likavunjika, moshi ukajaa mpaka Thabit akakohoa na kushika ukuta, na Muhsina, huku anasoma kila aya aliyoijua na nyingine akizichanganya, akamnyanyua mwanawe mbele ya benchi lile lisilo na mtu, akahisi uzito unapokewa, akaachia kidole kimoja kimoja, na Rahila hakuanguka, alikaa vivyo hivyo hewani, juu kidogo ya ubao, kichwa kimeegemea kitu kisichoonekana, nywele zake zikipangwa taratibu na mkono ambao hawakuuona. Kisha mtoto akageuza uso kama mtu aliye dirishani, akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akawapungia.

"Inatosha," Muhsina akanong'ona. "Bibi, inatosha, nipe."

Honi ikalia. Rahila akateremka polepole mpaka benchini, amelala, ana joto, anapumua, uso wake safi hauna hata chembe ya masizi. Thabit akasujudu pale pale. Maalim akasema Alhamdulillahi, akataka kahawa, akaondoka mapema kuliko kawaida yake, na Muhsina akakaa na mtoto mapajani mpaka alasiri, akilia kwa furaha.

Rahila alipoamka alijitoa mapajani taratibu, akashuka, akasimama kando na kumwamkia vizuri, kama mtoto aliyefundwa kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Mimi mama yako, Rahila."

Mtoto akamtazama kwa huruma. "Mama yangu kaondoka na treni," akasema. "Kaniambia nikae hapa, atakuja kunichukua. Naomba maji."

Thabit akageukia ukuta. Muhsina akaenda jikoni, akamtilia maji, akamletea.