Ramani Mbili za Uru

"Fuso la kijani limepita mtaa wa Soweto. Mapipa thelathini. Linapanda Uru."

Sauti ya Tabitha, mkuu wake wa kazi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola.

"Naliona," Melkior alijibu, akaikaza mwendo pikipiki yake ya Yamaha.

Miaka kumi na moja ya ujasusi, na hakuwahi kumwogopa mtu. Leo alijionea haya mwenyewe.

Miezi mitatu nyuma alipenyezwa kwenye mradi wa Dakta Voss kama mpima ardhi, amchunguze mgeni huyo. Voss alikuwa akitafuta kwa kompyuta mahali mvua inapozama kwenda kulisha chemchemi. Aliilaza ramani ya udongo juu ya ile ya miteremko, ya misitu juu yake, ya mvua juu ya zote, na penye kumeza maji pakatoka pekundu. Melkior alitembea na Garmin, kifaa cha kupimia mahali, mkononi nyuma ya Meku Basili, mzee wa mfongo, ule mfereji unaonywesha migomba tangu enzi za mababu. Mzee alimwonyesha kwa fimbo kila mahali ardhi inapokunywa mvua.

Kisha ikaletwa ramani ya pili, ya kuombea kibali cha ghala alilotaka Voss kujenga. Pekundu pamehama kilomita nzima, mbali na kiwanja cha ghala.

"Karatasi hii inasema uongo," Meku Basili alisema mbele ya kijiji.

Voss akatabasamu. Garmin na ramani za zamani hazitumii kipimo kimoja, alieleza, lazima nukta zihame.

Kweli huhama. Mita mia tatu hivi. Melkior alilijua hilo, na hakupima.

"Meku, kompyuta haikosei," alisema.

Watu wakamcheka mzee. Melkior akaweka sahihi kwenye kibali. Jasusi mzima, kashindwa na kazi ya rula!

Jana ndipo alipopima, akakuta mzee alisema kweli. Jana hiyohiyo Tabitha akamwambia ghala lile ni la nini: kisingizio cha kufukia viuatilifu vilivyokwisha muda, vilivyovushwa mpakani kwa magendo.

Fuso lilisimama kando ya msitu, penye shimo. Dereva alipomwona Melkior nyuma yake, alichomoa bastola.

Browning ya Melkior ililia kwanza.

Bastola ya dereva ikaruka majanini. Akaketi chini, ameushika mkono wake.

Voss alishuka taratibu kutoka kwenye Fuso, mikono juu.

"Kibali kina sahihi yako," alisema. "Nikifika mahakamani, tunafika wote. Niache niondoke, na karatasi nitaichoma."

Melkior alimtazama. Alikuwa na kazi nzuri, na jina. Chini ya miguu yake palikuwa na maji ya Uru nzima.

Akabonyeza Motorola.

"Tabitha, andika. Voss nimemkamata. Kibali nilisaini mimi, bila kukagua."

"Una hakika niandike hivyo?"

"Andika."

Akamfunga Voss pingu. Ndipo alipolichungulia shimo. Mapipa sita yalikuwa tayari ndani, ya safari ya kwanza. Mawili yalikuwa yamepasuka, na udongo umeshakunywa.

Askari wa Tabitha walipofika na kuwachukua Voss na dereva, Melkior alikata jani la sale uani kwa jirani, akalifunga fundo, akaingia kwa Meku Basili. Mchagga akikujia na sale kuomba msamaha, humfukuzi.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba."

Akapiga magoti. Akasema yote, hata mapipa mawili. Kusema kulimuuma kuliko risasi.

Mzee alilinyooshea jani lile mkono. Akalipokea.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Na maji, utayapelekea sale gani?"

Melkior alisimama, akavaa miwani yake ya jua, akatoka kwa hatua zilezile za siku zote. Pikipiki aliiacha. Akaufuata mfongo kwa miguu kuteremka, akabisha hodi nyumba ya kwanza, kuwaambia wasichote maji.