Godoro la Jovina

Kwenye wimbo wa kwaya ya Runazi kulikuwa na pumzi moja isiyo na mwenyewe. Waimbaji walikuwa wanane, lakini kabla ya kila ubeti Gaudence alisikia kwenye spika mtu wa tisa akivuta hewa kwa shida, kifua kikipiga mluzi. Aliifuta. Alipoucheza wimbo tena, ilikuwepo.

Studio hiyo ya Rulenge aliifungua na mkewe Jovina miaka kumi na mitano iliyopita, chumba cha nyuma cha duka la mbolea. Walirekodi kwaya, nyimbo za harusi na matangazo ya mbegu, na wimbo ukipungukiwa sauti ya pili, Jovina aliiimba bure. Kifua kilipomuua, ndugu walitaka godoro alilofia lichomwe. Gaudence hakulia wala hakubisha. Chumba cha kuimbia kilikuwa na mwangwi, akalipigilia ukutani kwa misumari. Ungemuuliza, angekwambia godoro lilikuwa bado zima.

Sasa pumzi ile iliingia kwenye kila kazi, ikafuatwa na harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akipakwa Jovina kifuani, mpaka mchana mmoja Pius, mwalimu wa kwaya ya Runazi, akiwa peke yake chumbani na spika za masikioni, alisikia Jovina akimwita kwa jina taratibu, akatoka bila viatu, na kwaya yake haikurudi tena.

Mganga, Mzee Manirakiza, aliweka kiganja kwenye godoro, akakiondoa haraka.

"Huyu si mkeo, mwanangu," alinong'ona. "Ni jini. Amevaa sauti ya mkeo, na akitoka atatoka nayo."

"Hata kwenye nyimbo za zamani?"

"Zote."

Angekataa. Lakini jana yake alikuwa amemkuta Anneth, binti yao wa miaka minane, amebandika sikio kwenye godoro, akipumua nalo sawasawa.

Walilichoma saa nane mchana. Gaudence hakusikia uchungu wala nafuu, aliangalia tu sponji ikiyeyuka. Jioni alifungua nyimbo za zamani. Sauti nyingine zote zilikuwepo, na pale pa Jovina palikuwa kimya.

Anneth alikuja akasimama kando yake. Ubeti ulipokaribia alivuta hewa kwa shida, kifua kikapiga mluzi, akaingia na sauti ya pili, maneno yote, ya wimbo uliorekodiwa kabla hajazaliwa.

 Gaudence akamsogezea maikrofoni mdomoni, akaanza kurekodi.